Dalali wa Ngamia na Msichana wa Keki

Ukitaka kumjua Dagane, usipoteze muda kumtazama usoni. Usoni hakuna kitu. Mwenyezi Mungu alimpa macho, pua na ndevu, na ndevu hizo yeye mwenyewe amezipaka hina mpaka zimekuwa rangi ya chungwa lililosahaulika juani, lakini habari hakumpa. Akifurahi, uso ni ule ule. Jino likimuuma, uso ni ule ule. Siku alipozikwa mkewe Maryan, Mungu amrehemu, watu walirudi majumbani mtaani Galbet wakibishana kama mgane yule alikuwa na huzuni au alikuwa na usingizi tu.

Uso huo ndio mtaji wake. Dagane ni dalali katika soko la mifugo la Garissa, upande wa ngamia, na ngamia hauzwi kwa mdomo. Dalali humshika mnunuzi mkono, hutupia shuka juu ya mikono yote miwili, na humo ndani vidole ndivyo vinavyozungumza. Kushika kidole kimoja ni kiasi fulani, viwili ni kiasi kingine, na kukwaruza kiganja kwa ukucha ni kumwambia mwenzako kwamba amekutukana. Juu ya shuka wawili hao huulizana habari za mvua na za wagonjwa. Wamezungukwa na watu wazima wenye masikio makubwa, na hakuna hata mmoja anayejua bei imefika wapi, maana bei ya ngamia wa mtu ni siri yake na mnunuzi wake. Kiganja kizima kikikazwa, biashara imekwisha. Hata kama umekosea. Hata kama ulikuwa unataka kupiga chafya.

Dagane hakuwahi kukosea. Walikuja wafanyabiashara kutoka Nairobi na miwani yao ya jua, wakamsoma uso kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, wakaondoka na ngamia waliowalipia kama magari. Yeye alichukua asilimia yake, akaenda kunywa chai.

Sasa, mambo ya Wakorea yaliingiaje hapo? Yaliingia kwa teke. Mwaka juzi dume mmoja wa ngamia, ambaye pengine hakupenda jinsi alivyokuwa akisifiwa, alimpiga Dagane teke la paja akamvunja mfupa. Akalazwa, akafungwa plasta, akarudishwa Galbet kulala chali chini ya feni ambayo nayo ilikuwa inafanya kazi kwa hiari yake. Nyumbani alikuwamo binti yake mmoja tu, Kowsar, anayesomea ualimu chuo kikuu pale pale mjini. Na Kowsar, kila mchana jua linapowalaza watu na mbuzi, alikuwa anafungua kompyuta yake ndogo, anavaa vidude vya masikioni na kuanza kutabasamu peke yake.

Baba alivumilia siku chache. Halafu akauliza, "Hao ni kina nani?"

"Wakorea, aabo."

"Wanauza nini?"

Kowsar akavua vile vidude, akamgeuzia kompyuta na kuanza kumfasiria. Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko chapati ya hotelini. Msichana anaoka keki. Kijana ni mrithi wa kampuni kubwa ya majokofu, lakini amejifanya mpeleka mizigo wa pikipiki ili apendwe yeye kama yeye, upuuzi ambao hakuna tajiri wa Garissa angeufanya hata kwa kulipwa. Bibi yake kijana anataka kuona mjukuu ameoa kabla hajafa, kwa hiyo kijana anamwomba msichana wajifanye wachumba. Wanajifanya. Ukishaambiwa hivyo umeambiwa yote, na bado zimebaki saa kumi na sita za kutazama.

Dagane alisema ni takataka. Alisema vijana wa siku hizi wameharibika na ndiyo maana mvua hainyeshi. Siku iliyofuata, Kowsar alipochelewa kurudi kutoka chuoni, alimkuta amekaa kitako kitandani, plasta imenyooshwa mbele, shati limebadilishwa. "Yule bibi," baba akasema huku akitazama ukutani, "amepata nafuu?"

Tangu siku hiyo ikawa ni ibada ya alasiri. Na Dagane hakuwa mtazamaji wa kukaa kimya. Mama wa kijana alipochukua glasi akammwagia msichana maji usoni, Dagane aliinuka pamoja na plasta yake. "Maji safi!" akapiga kelele. "Hajui mtungi mmoja wa maji yanayoletwa na punda unauzwaje?" Msichana hakuhurumiwa hata kidogo, yaliyohurumiwa ni maji. Na kila mtu akihuzunika huko Korea, mvua inanyesha. Hilo lilimkera sana. "Sisi tumehuzunika misimu mitano mfululizo hatujaona wingu," akasema. "Hawa wanakosana kidogo tu, mafuriko."

Lakini mengine aliyapenda mno. Aliona wanavua viatu mlangoni. Aliona mzee hupewa chakula kwanza, na kwa mikono miwili, na kwamba mtu haoi mpaka bibi, shangazi na ukoo mzima waingize pua zao. "Hawa ni watu wetu," akatoa hukumu. "Walipotea njia tu wakaishia kwenye baridi." Nyuso za wawili wale zilipoanza kukaribiana kupita kiasi, Kowsar aliirusha sehemu ile mbele, na Dagane alitazama dari akisoma astaghfirullah, na akimaliza aliuliza, "Wamemaliza?"

Na mikono! Hapo ndipo taaluma ilipoingia. Huyu kijana alikuwa na tabia ya kumkamata msichana kifundo cha mkono na kumkokota barabarani, na Dagane akaapa kwamba hivyo hushikwa kamba ya ngamia mkaidi, si mkono wa binadamu unayetaka mpatane. Siku walipogusana vidole viwili kwa bahati mbaya juu ya trei ya keki, akapiga paja lake zima kwa kiganja. "Amempa bei ndogo! Na huyo mjinga anaikubali!" Kowsar alicheka mpaka akapaliwa, na alipotulia aliona macho ya baba yake yana maji. Kwa kuwa uso ulikuwa ule ule, alidhani ni vumbi.

Halikuwa vumbi. Kulikuwa na kitu kimoja kwenye hadithi ile kilichomwingia Dagane kama mwiba. Wakorea wale hawaambiani nakupenda. Saa nzima inapita, ya pili inapita, hakuna aliyelitamka neno. Wanachoulizana ni kimoja tu: umekula? Bibi anamuuliza mjukuu, umekula? Kijana amesimama kwenye theluji chini ya dirisha la msichana, roho inamtoka, anapiga simu, na anachosema ni: umekula? Kisha anakaa anamtazama mwenzake akila, na muziki unapigwa.

Na huko sokoni, kwenye kibanda cha chai kando ya zizi la ngamia, kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimuuliza Dagane swali hilo kila asubuhi ya Mungu, miaka na miaka.

Mama huyo ni Fatumo. Mjane, mnene wa kupendeza, mdomo mkali, maziwa yake ya ngamia hayachanganywi na maji na yeyote anayesema yamechanganywa huondoka amelowa. Kila asubuhi Dagane akifika, Fatumo alikuwa anasema, "Umekula?" Naye Dagane, mwerevu wa waerevu, kwa miaka yote hiyo alidhani anauziwa mkate wa anjera. Alikuwa anajibu, "Sukari kidogo," anakunywa, analipa, anaondoka. Sasa amelala chali chini ya feni iliyogoma, mguu juu ya mto, ndipo akaelewa. Moyo ulimshuka hadi kwenye plasta. Mzee mzima, ndevu za hina, amefundishwa na muuza keki.

Basi plasta ilipotolewa, Dagane alirudi sokoni akiwa na jambo moja tu kichwani: amwoe Fatumo. Ungedhani ni rahisi. Mtu ambaye kazi yake ni kuwasemea wengine, anayeweza kumsifu ngamia mwenye makengeza mpaka mnunuzi akaona haya kuwa na macho mawili yaliyonyooka! Lakini mganga hajigangi. Alifika kibandani, Fatumo akamwangalia mguu, akamwangalia ndevu, akasema, "Alhamdulillahi, umerudi. Umekula?"

"Sukari kidogo," Dagane akasema.

Akaenda zake akijitukana mpaka lango la ushuru.

Pale langoni hukaa Koome, karani wa ushuru wa kaunti, Mmeru aliyeletwa Garissa na barua ya uhamisho na kubakizwa na nyama ya mbuzi. Kabla ya hapo yeye na Dagane walikuwa paka na panya, kama ilivyo desturi kati ya dalali na mtu wa ushuru. Lakini Kowsar alikuwa ameingia kwenye mitihani na kuifungia kompyuta yake kabatini, na hadithi ilikuwa imekatikia pabaya. Dagane akazungukazunguka pale langoni, akamwinamia Koome sikioni na Kiswahili chake cha soko.

"Koome. Ile fibindi ya Korea, ya mama keki. Wewe iko nayo?"

Koome akaangalia kushoto na kulia. "Nani amekuambia?"

"Nilisikia simu yako ikilia ile wimbo yake."

Kumbe Koome na mkewe Kananu, aliyebaki Meru, hutazama kila mtu kwake na kisha hupigiana simu kuwasema wahusika. Ndoa yao, Koome alisema, ilikuwa imeanza kukauka. Sasa wanakosana kila jioni juu ya mambo ya Wakorea na wanapendana sana. Wakapatana. Koome akawa anampa vipindi kwenye kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye televisheni, na ili watu wasishuku, wawili hao walikuwa wakijifanya wanagombana juu ya ushuru huku wakijadiliana kama bibi atapona. Vipindi hivyo vilikuwa na maandishi ya Kiingereza ambayo Dagane hakuyaweza, ila dalali hahitaji maneno. Aliwasoma mikono.

Ni Koome aliyempa ushauri. "Mzee, kama hujui kusema, onyesha kwa vitendo. Umeona mwavuli?"

Alikuwa ameuona. Huko Korea mwanamume akimfunika mwanamke mwavuli, imekwisha. Dagane akaenda madukani akanunua mwavuli mkubwa kuliko yote, wa kijani kibichi, na siku ya soko akasimama nao kando ya kibanda cha Fatumo, ameunyoosha juu ya kichwa cha mama wa watu, jua la Garissa likiwaka, uso wake ule ule usiosema lolote. Fatumo alikoroga chai, akainua macho, akayashusha. Kabla hajasema neno, mchungaji mmoja kutoka Bura akafika mbio. "Mzee, niwekee mia mbili kwenye simu." Nyuma yake akaja wa pili, anataka kutoa pesa. Wa tatu akauliza kama wakala yuko na salio. Mstari ukajipanga. Garissa nzima, mtu akikaa chini ya mwavuli wa kijani, anaweka na kutoa pesa za simu, hana kazi nyingine. Dagane akaukunja mwavuli akaenda nao ndani ya zizi, na dume mmoja akaukalia.

Fatumo alicheka siku hiyo hadi jioni. Lakini hakuuliza mwavuli ulikuwa wa nini, na Dagane hakusema. Kila mmoja akangoja mwenzake. Ungewaona ungewachapa wote wawili.

Wakati huo huo alikuwapo ambaye hangoji. Deeq ni mfanyabiashara wa ngamia kutoka Bura, mtu wa meno mengi na manukato mengi zaidi, mwenye wake wawili na nafasi. Alikuwa ameanza kuzidisha vikombe pale kibandani. Kila mtu sokoni alimwona isipokuwa Dagane, ambaye alikuwa na shughuli ya kumhurumia mrithi wa majokofu.

Fatumo naye alikuwa na mpango wake. Alitaka kuezeka kibanda kwa mabati mapya na kununua friji ya maziwa, na kwa ajili hiyo akaamua kumuuza Barwaqo, ngamia jike aliyeachiwa na marehemu mumewe. Barwaqo alikuwa na kiwele kizuri, nundu nzuri, na tabia ya kumtemea mate kila aliyevaa nguo safi. Fatumo akaikabidhi kamba kwa Dagane. "Nakuamini wewe tu," akasema. "Wengine hawa ni wezi wenye wudhu."

Dagane akaishika kamba ile kama ameshikwa mkono.

Na mnunuzi alikuwa nani? Deeq. Wakakaa, shuka ikatupwa, watu wakazunguka. Deeq akaanza kama wanavyoanza wote, kwa tusi: akashika kidole kimoja, bei ambayo kwayo ungepata mbuzi wawili wenye kikohozi. Dagane akajiandaa kukwaruza. Juu ya shuka, Deeq alikuwa anazungumza habari za kawaida kwa sauti ya chini.

"Mwenye ngamia huyu si yule mama wa chai?"

"Ndiye," Dagane akasema.

"Mjane?"

"Mjane."

"Basi vizuri. Nikishamchukua ngamia, wiki hii hii natuma wazee kwa kaka yake, Adow. Nihamishe ngamia na mwenyewe safari moja tu. Mafuta ya lori yamepanda."

Uso wa Dagane haukubadilika. Waliokuwapo wote wanashuhudia: hata unywele wa ndevu haukutikisika. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na yakikosa kutokea usoni yatatafuta pengine pa kutokea. Chini ya shuka mkono wa Dagane ulijikunja wenyewe kwa wivu, ukamkaza Deeq kiganja kizima, kidole chake kimoja kikiwa bado humo ndani, ukamkaza mpaka mifupa ikalia.

Deeq alishangaa kwa muda mfupi tu. Kisha meno yote yakatoka. Akaivuta shuka akaitupa pembeni. "Nimeuziwa!" akaita. "Mashahidi, mmeona mkono! Nimeuziwa!"

Na kwa kuwa furaha ilimzidi adabu, akaitangaza bei.

Maji yakimwagika hayazoleki, na mkono ukikazwa haukunjuliwi. Hiyo ndiyo sheria iliyomlisha Dagane maisha yake yote na sasa ilikuwa imemgeukia. Kabla ya adhuhuri habari zilikuwa zimefika Galbet, na kabla ya alasiri zilikuwa zimeongezewa chumvi: Dagane na Deeq wamekula njama, wamempunja mjane, watagawana ngamia.

Fatumo alikuja mwenyewe mpaka zizini, mtandio umefungwa kiunoni. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali.

"Dagane, ulikuwa mgonjwa?"

"La."

"Ulisinzia?"

"La."

"Basi ilikuwa nini? Niambie mimi. Chochote utakachosema nitakisadiki."

Hapo, bwana, mlango ulikuwa wazi kama mlango wa msikiti Ijumaa. Sentensi moja tu. Na Dagane akafungua kinywa, akasema, "Soko limeshuka."

Fatumo akageuka akaondoka. Asubuhi iliyofuata Dagane alipofika kibandani, sufuria inatokota, vikombe vimejipanga, Fatumo akakigeuza kikombe chake kifudifudi. "Hapa chai imekwisha," akasema, na akammiminia aliyekuwa nyuma yake.

Alirudi nyumbani mapema. Kowsar alimkuta amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, na akamhoji mpaka akayatapika yote: shuka, Deeq, kiganja, soko limeshuka. Binti hakucheka, ingawa midomo ilimcheza.

"Aabo, unakumbuka kile kipindi wanachoachana?"

Alikikumbuka. Msichana anagundua kwamba kijana ni tajiri, anadhani alikuwa anachezewa, na kijana anasimama mbele yake kama gogo na kukosa la kusema, na wanapoteza vipindi viwili vizima na mvua nyingi sana. Dagane alikuwa amemwita kijana yule punda aliyevaa suti. Alikuwa amesimama kitandani. Alikuwa ametupa kiatu.

"Alinyamaza kwa sababu ya nini yule?" Kowsar akauliza.

"Aliogopa."

"Aliogopa nini?"

Dagane akafikiri. "Aliogopa wamwone usoni," akasema. Na hiyo ndiyo kweli tupu kumhusu yeye. Tangu Maryan afariki alikuwa ameuvaa uso ule sokoni na nyumbani, mchana na jioni, na alikuwa amechoka nao mno. Wakorea wale wanalia kwenye sahani, wanacheka mpaka wanaanguka, wanakimbia barabarani viatu mkononi, na hakuna anayewapunja kwa ajili hiyo. Ndiyo maana aliwapenda. Si keki, si theluji. Ni kwamba kule anachotaka mtu kinaonekana usoni, na dunia haianguki.

Siku ya soko ilipofika, aliingia asubuhi watu wakiwa wamejaa. Kibandani kwa Fatumo hakukuwa na pa kuweka kiwiko. Koome alikuwepo na mandazi yake. Deeq alikuwepo, amekaa mahali pa Dagane, ananukia. Barwaqo mwenyewe alikuwa amefungwa nje akisubiri lori la Bura. Dagane akasimama mbele ya sufuria.

"Chai imekwisha," Fatumo akasema bila kuinua macho.

"Sikuja kwa chai," Dagane akasema, na akasema kwa sauti, mtu ambaye hakuwahi kutaja bei yoyote kwa sauti tangu azaliwe. "Fatumo, soko halikushuka. Nilikudanganya. Huyu aliniambia anatuma wazee kukuposa, na mkono wangu ukajikaza kwa wivu. Nikamuuza ngamia wako kwa wivu. Mimi ndimi ninayekutaka. Nakutaka tangu zamani na sikuwa na akili ya kujua. Ule mwavuli ulikuwa wako."

Hakuna aliyemeza. Andazi la Koome lilikuwa limesimama hewani, na machozi yanamtoka bila haya.

Fatumo akaendelea kukoroga. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wazee wa Deeq walikuja kwa Adow juzi."

Dagane akauliza, "Na?"

"Wakapewa chai."

"Na?"

"Na chai tu," Fatumo akasema. Sasa akainua macho, na hakuwa anacheka. "Wewe ukiwatuma wako, nitamwambia Adow awape na nyama. Lakini mahari yangu ni Barwaqo. Sitaki ngamia mwingine, sitaki wawili, sitaki dhahabu. Uliyemtupa ndiye utakayemrudisha."

Kila kichwa kikageuka kumwangalia Deeq. Deeq, ambaye ameshakosa mke lakini hajakosa biashara, aliweka kikombe chini, akajifuta mdomo, akaikunjua shuka yake polepole juu ya goti, akanyoosha mkono. Aliwajua wanunuzi wa kila aina, ila hakuwahi kumpata ambaye hawezi kabisa kuondoka.

Wakakaa. Shuka ikatupwa. Na watu wa Garissa wakaona jambo ambalo wanalisimulia hadi leo: Dagane alikuwa anacheka. Meno nje, macho yamefumba, ndevu za hina zinarukaruka, dalali anacheka katikati ya mapatano kama mbuzi anayejipeleka mwenyewe buchani. Deeq hakuhitaji hata vidole kumsoma. Alipandisha, na Dagane hakukwaruza. Akapandisha tena. Akapandisha mara nyingine hadi yeye mwenyewe akaona aibu na kugeuza uso. Kiganja kikakazwa.

Koome akapiga hesabu ya ushuru huku akiomba radhi, kwamba ngamia huyo amepita mnadani mara mbili na sheria ya kaunti haina moyo. Dagane akalipa na hiyo. Akamfungua Barwaqo, naye Barwaqo akamtemea mate kifuani, kwa kuwa alikuwa amevaa shati safi.

Akamleta mpaka kibandani na kamba mkononi.

"Amekukamua kiasi gani?" Fatumo akauliza.

Dagane akamtajia, mbele za watu wote.

Fatumo akaweka mwiko chini. "Subhanallah! Kwa bei hiyo ungeoa wanawake watatu, tena wadogo kuliko mimi."

"Siwataki," Dagane akasema.

Fatumo akamfukuza Koome kwenye benchi kwa ncha ya mtandio.

"Kaa basi," akasema. "Lakini huyo mnyama mfunge mbali na maziwa yangu."